Mjane wa Mapinga na Kipindi cha Uraia

Nilikuwa mtangazaji wa redio ndogo hapa Bagamoyo pale ofisi ya uhamiaji ilipotuletea tangazo: wageni waliokubaliwa uraia wangekula kiapo na kupewa hati zao hadharani, wananchi wote walikaribishwa. Nililisoma siku tatu. Mhariri wangu akasema tangazo tupu halisikilizwi, nikamtafute mmoja wao azungumze.

Nilimpata mmoja kule Mapinga, mjane wa makamo aliyesomesha wasichana Kurani barazani kwake. Jirani zake walimjua kuwa ni mtu wa Mtwara. Kumbe alizaliwa Msumbiji, akavushwa mto Ruvuma mgongoni mwa mama yake wakati wa vita. Alinieleza yote, kinasa sauti kikiwa mkekani baina yetu. Kisha akanishika mkono.

"Mwanangu, kwenye kiapo nitakuja. Lakini hapa hawajui. Jina langu usilitaje."

Nikamwahidi, na kweli kipindi kiliporushwa sikulitaja. Sauti yake nikaiacha kama ilivyo. Nilijua fika kwamba Mapinga nzima inaijua, maana ndiyo iliyowasomea maulidi miaka yote. Ningeweza kuyasoma mimi mwenyewe maneno yake. Sikutaka. Alipomtaja mama yake alilia kidogo, na kilio kile kilikifaa sana kipindi changu.

Siku ya kiapo alivaa baibui jipya. Akaapa, akapokea hati kwa mikono miwili, tukampigia makofi. Nje shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa akimsubiri; siku nyingi alikuwa akikitamani kiwanja alichojengea nyumba yule mama. Hakumsalimu. Alimwuliza taratibu tu, mbele yangu:

"Hongera. Wakati unanunua kile kiwanja, ulikuwa raia wa wapi?"

Mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi, na wote watatu tulilijua hilo.

Wiki iliyofuata shemeji alikuja studio kuomba nakala ya kipindi. Mhariri akaniambia nimpe. Nikamwekea kwenye simu yake, hata sikumwuliza ya nini. Aliifungulia kwenye kikao cha ukoo na viongozi wa mtaa. Waliokuwapo wanasema ilipofika pale pa kulia, kuna waliocheka. Kikao kikaamua kiwanja na nyumba ni mali ya ukoo wa mume. Mama hakuwa na nguvu ya kwenda mbele zaidi. Wazazi nao wakawaondoa wasichana wao, wakisema aliyeficha kwao atakuwa ameficha mengine.

Nilimfuata hadi Zinga, alikopanga chumba. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika, akanisogezea kigoda. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi kwa maneno mengi, lakini aliniwahi.

"Ulijua kwamba wataitambua sauti yangu?"

"Nilijua."

Akatikisa kichwa polepole, akarudi kuchambua mchele wake. Nilikaa pale mpaka alipomaliza. Hakunifukuza.