Samaki Niliyempeleka Baridini

Zilikuwa zimebaki siku nne tusafiri kwenda Dodoma, kwenye harusi ya wifi yangu, niliponunua samaki. Hadi leo siwezi kueleza vizuri kwa nini sikungoja.

Binti yangu alikuwa na miaka minane. Kila tulipotoka sokoni Moshi mjini alinivuta mkono hadi kwenye duka la samaki wa mapambo, akasimama mbele ya chombo kilekile cha kioo. Ndani yake aliishi samaki mwekundu wa aina ya beta, mwenye mapezi marefu, peke yake, maana madume wawili wakiwekwa pamoja wanauana. Nilikuwa nimemwahidi mtoto kwamba akisoma kitabu kizima bila kusaidiwa, nitamnunulia. Alikuwa ameshasoma vitatu.

"Dada, si umesema mnasafiri?" muuzaji aliniuliza. "Mwacheni hapa. Mkirudi mtamkuta."

Mtoto alinitazama tu. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma. Alishazoea kuambiwa baadaye.

"Tunamchukua leo," nikasema. "Bibi yake atamtunza."

"Bibi yuko wapi?"

"Huko juu, karibu na msitu."

Muuzaji akatikisa kichwa. "Huko ni baridi, dada, na huu ni mwezi wa sita. Huyu anataka maji ya uvuguvugu. Baridi ikimpata, hachukui muda."

Nikamwambia nimeelewa. Na kweli nilielewa.

Mama yangu alimpokea samaki kwa mikono miwili. Anaishi peke yake kihambani, kwenye shamba la ukoo, na ng'ombe wawili, migomba na kahawa kidogo. Nilimwonyesha chakula: punje tatu asubuhi, basi. Nikamwambia asimweke juani. Habari ya baridi sikuigusa. Nilijua angesema, "Mrudishe dukani," na mimi ningebaki nikitazamana na mtoto.

Dodoma nilimpigia kila siku. "Mzima," alinijibu. "Ananifuata kwa macho nikipita." Siku ya tano sauti yake ilibadilika.

"Leo hataki kula. Amelala chini kabisa."

Nilikuwa saluni, nasukwa kwa ajili ya harusi, mawifi wakicheka pande zote. Neno moja tu lingetosha: mama, msogeze jikoni karibu na moto. Lakini kulisema kungekuwa kukiri kwamba nilijua tangu mwanzo.

"Labda ameshiba," nikasema. "Nitakupigia."

Sikupiga. Kesho yake alipiga yeye.

Tuliporudi mama alikuwa anatusubiri mlangoni kwake, amevaa kitenge chake cha kanisani. Akamshika mtoto mikono yote miwili.

"Mjukuu wangu, nisamehe. Bibi amemuua samaki wako. Sijui nilikosea wapi."

Mtoto akaichomoa mikono yake, akalia, akasema hataki kulala pale. Mama akainamisha kichwa. Mimi nilisimama na mabegi yangu, nikasema, "Basi, mama, ni samaki tu."

Wiki mbili nzima mtoto alikataa maziwa yaliyotoka kwa bibi yake. Mama aliendelea kuyaleta, kila mara kwa mkono wa jirani aliyekuwa akishuka mjini, na kila mara aliuliza, "Ameyanywa?" Nilimwambia ameyanywa.

Jumamosi moja nilipanda kwake peke yangu. Nilimkuta anakatakata mgomba wa kulisha ng'ombe. Nilisema shikamoo, akaitikia, kisha nikamweleza yote, la muuzaji, la saluni, hata la maziwa. Aliendelea kukata kwa muda. Halafu akaweka panga chini.

"Kumbe ulijua."

"Nilijua, mama."

"Mimi nilikuwa nambadilishia maji kila asubuhi. Maji ya mfereji, yanayotoka mlimani. Nilidhani anafurahia maji safi." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Ungeniambia, ningekaa naye jikoni."

Nikaanza kuomba radhi, akanizuia.

"Usiniombe mimi. Kamwambie mtoto anayenikimbia."

Nilimwambia jioni ileile, tukiwa tumekaa kitandani kwake. Nilitegemea kilio. Aliuliza swali moja tu: "Kwa nini ulimwacha bibi aombe msamaha?"

Nikasema nilikuwa naona aibu. Haikuwa jibu, na yeye alijua si jibu. Akaomba simu yangu, akaenda nayo sebuleni, akafunga mlango. Nilisikia, "Shikamoo, bibi," kisha maneno ambayo sikuyapata, na baadaye sana, kicheko.

Mimi hakunisemesha Jumapili nzima. Jumatatu asubuhi alisimama mlangoni, kavaa sare, akaniuliza soksi zake nimeziweka wapi. Nikaenda kumtafutia.