Chai Namba Mbili

Kwa miaka kumi na moja mkemia alihangaika kutafuta dawa ya malaria, na kila unga alioutengeneza aliupa namba. Asubuhi ile alikuwa roho juu, akingoja simu ya maabara kuhusu namba mia tatu kumi na nane, huku akimpikia mama yake chai.

Mama akapiga funda, akatema.

"Chumvi! Kwani hukuonja, baba?"

"Kazini hatuonji unga mweupe, mama."

"Ndiyo maana dawa yenyewe huipati!"

Simu ikalia. Namba ile iliua vijidudu, lakini iliharibu na maini ya panya wa majaribio. Mkemia akanywea.

Mama akamsogezea kikombe. "Hii namba moja imeshindwa. Sasa nisinywe chai? Pika namba mbili."

Mkemia akacheka, akabandika maji. Safari hii alionja.