Matundu Marefu ya Fundi wa Karasha

Jumanne asubuhi nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya televisheni ya mteja mmoja hapa Segese, nikipanga nyaya kwa rangi, simu ikaita. Jirani yangu wa karakana hakuzunguka: "Mzee wa karasha hatunaye tena." Mzee huyo alikuwa fundi wa kuchomelea. Kwa miaka mingi alitengeneza makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, kwanza kule Rwamgasa, kisha hapa, na kwa wachimbaji wadogo bado utakuta vyuma vyake vinanguruma. Sikuwa ndugu yake wala mwanafunzi wake. Nilikuwa kijana wa karakana iliyotazamana na yake, niliyempa shikamoo kila asubuhi, na ambaye kazi yangu ya kwanza kubwa aliiokoa yeye.

Wasomaji wangu mnaujua udhaifu wangu, maana nimeukiri hapa mara nyingi. Ufundi wa mashine za muziki za nyumbani nilijifunza mwenyewe, kwa video za simu na kwa kuharibu redio ya baba, na mtu aliyejifunza mwenyewe huishi na hofu kwamba siku moja atatokea aliyesomea akamuumbua mbele za watu. Kwa hiyo napima mara tatu, nafunga, nafungua, nafunga tena. Mteja akisema "inatosha", mimi nasikia "umefeli". Mwaka wa kazi ile ya kwanza nilikuwa nimetoka Didia kuja kuanza maisha, na nilikuwa nimemwahidi baba kwamba msimu wa kulima ukinikuta sina kazi, nitafunga karakana na kurudi shambani. Msimu ulikuwa unakaribia. Mteja nilikuwa naye mmoja tu.

Mteja mwenyewe alikuwa mama mmoja, nesi mstaafu, aliyekuwa akijiandaa kwa jubilei ya miaka hamsini ya ndoa yake, siku ya Jumamosi baada ya misa. Amplifaya, mikisa, deki ya CD na king'amuzi vilikuwa vimerundikwa juu ya kabati, nyaya zimening'inia kama utumbo wa mbuzi. Alitaka vyote vikae kwenye raki, yaani fremu ya chuma ambamo mashine hupangwa moja juu ya nyingine na kufungwa kwa skrubu pembeni. "Wageni wasiione hii aibu, mwanangu," aliniambia. "Na mzee wangu lazima acheze. Akikosa muziki siku hiyo, nitakukumbuka, lakini si kwa wema."

Nilitumia wiki tatu kuchora raki moja. Nilikuwa nimesoma kwamba kipimo chake cha kawaida ni inchi kumi na tisa, basi nikachora nguzo mbili zilizoachana inchi kumi na tisa kamili, nikampelekea mzee mchoro Alhamisi asubuhi. Akaugeuza huku na huku. "Ngosha, hii ni raki au ni kanisa?" aliuliza, akiniita kama Wasukuma wanavyomwita mwanamume. Kufikia saa nane mchana alikuwa amemaliza, tena kwa chuma kilekile cha karasha, raki nzito ya kubebwa na watu wanne. Palepale karakanani nikaiingiza amplifaya ya mama, niliyokuja nayo kupimia, kwa heshima zote. Ikapita katikati ya nguzo kama barua inavyopita chini ya mlango, nikaidaka kwa tumbo. Inchi kumi na tisa, ndugu msomaji, ni upana wa uso wa mashine pamoja na masikio yake mawili, vile vibapa vya pembeni vya kupitishia skrubu. Nafasi kati ya nguzo inatakiwa iwe ndogo zaidi, ili masikio yapate pa kuegemea. Nilikuwa nimepima mara tatu, na mara zote tatu nimepima kisichotakiwa.

"Nimekosea mchoro, mzee," nilisema.

"Umekosea peke yako, au na hiyo simu yako?"

Alicheka hadi akavua miwani ya kuchomelea. Kisha akaongeza bapa la chuma ndani ya kila nguzo, nafasi ikapungua, masikio yakakaa. Yakabaki matundu ya skrubu. Nilimwomba anipe Ijumaa nzima niyapime upya. Hakunipa hata saa moja. Alitoboa matundu mawili mawili, akayaunganisha kwa grenda yakawa marefu kama kidole. Nikapiga kelele kwamba sivyo inavyotakiwa.

"Inavyotakiwa na nani? Karasha likiwaka linatikisika. Ulibane kwenye tundu la duara uone kama bolti haitakatika. Iache skrubu itembee, itafute mahali pake, ndipo ubane."

Ijumaa, nyumbani kwa mama, kila kitu kilikaa. Amplifaya niliiweka juu, nikaiachia nafasi ya kupumua joto. Deki na king'amuzi, ambavyo havina masikio, vikalala kwenye trei. Jumamosi watu wakiwa kanisani, nikaona mikisa imeinama upande mmoja, kiasi cha unene wa kucha. Nikafungua. Amplifaya ikatoka, nyaya zikashuka sakafuni. Mzee, aliyekuwa ameondoka misani mapema akiwa na koti lake la sherehe, akanikuta hapo.

"Unafanya nini, ngosha?"

"Mikisa imepinda."

Akainama, akafumba jicho moja, akatazama kwa muda mrefu. "Kengele ya kanisa ikilia tu, mama anatoka na mumewe. Unataka wacheze na mikisa?"

Tulirudisha kila kitu pamoja. Skrubu ya mwisho ilipobanwa, wageni wakianza kuingia, alichukua bisibisi yangu, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akaenda kuketi meza ya mbele katikati ya wazee. Nikamfuata nikimnong'oneza. "Utaipata wakishakata keki," alinijibu bila kugeuka. Muziki ukalia. Mzee wa nyumba, pamoja na magoti yake mabovu, akacheza hadi mkewe akamwomba apumzike. Kabla ya pilau kuisha, watu watatu walikuwa wameniita pembeni wakitaka raki kama ile. Nilipompigia baba, alisema tu, "Basi kaa hukohuko."

Wengi hapa huuita ufundi wa mafundi wa karasha ufundi wa nyundo, yaani usiojali vipimo. Sisi vijana tunajipima kwa watu wa kwenye simu ambao hatutakutana nao kamwe, na tunaona aibu kuvuka barabara kumuuliza aliye jirani. Mzee hakudharau vipimo. Bila inchi zangu asingejua pa kuweka lile bapa. Ila kila chuma alikiuliza kinamfaa nani, na lini. Mimi hangaiko langu nililiita umakini. Sehemu kubwa ilikuwa woga.

Alhamisi, siku mbili baada ya ile simu, tulimzika. Familia iliniomba spika, na padri akafika mapema kuliko tulivyotazamia. Spika moja ilikuwa imesimama kwenye udongo usio sawa, imeegemea kushoto, kila mtu akiiona. Nilianza kuiendea. Ndipo nikamwona mwana wa marehemu akitupia udongo kaburini huku pumzi zimemwishia, na hakuna aliyekuwa karibu wa kumpokea. Nikaiacha spika, nikashika beleshi. Sauti ya padri ilifika hadi kwa akina mama waliokaa mbali kabisa. Kila kazi ina mtu anayeingoja, na mtu huyo hangoji milele. Ikishamfikia, tuiache tuende kunakohitajika mikono.