Herufi Moja Niliyoiandika Koboko

Mwaka 1971 niliajiriwa katika maabara ya hospitali moja ya Arua, kazi yangu ikiwa kuosha vioo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Baba yangu, fundi cherehani katika mtaa wetu wa Wanubi, alitaka niwe mwalimu, lakini nafasi ya chuo haikupatikana. Jirani aliyekuwa karani hospitalini akamwambia kwamba wanatafuta msichana wa kuosha vioo na chupa, nikaenda. Jioni ya siku ya kwanza nilirudi nyumbani mikono ikinuka dawa, mama akanikataza kugusa unga.

Mkuu wa maabara alikuwa mtu mzima kutoka ng'ambo ya Nile, mwenye sauti ndogo, aliyesahau chai yake kila siku mpaka ikapoa. Siku moja alinikuta nimeinamia hadubini yake badala ya kuinamia karai. Nikaruka pembeni, nikijua nimefukuzwa.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Nimeona vitu vya mviringo, mzee. Vingine vina pete ndani."

"Pete za rangi gani?"

Nilipomjibu, akavuta stuli nyingine. Tangu siku ile, kila nilipomaliza kuosha, alinifundisha. Alinionyesha vijidudu vya malaria, mayai ya safura, na vile vijiti vyekundu ndani ya makohozi ya watu wanaokohoa mwezi mzima. Alinilazimisha kuchora kila nilichokiona katika daftari lake. Siku moja nikaandika kwamba mzee fulani ana malaria, kwa sababu nilimwona kwenye benchi akitetemeka chini ya blanketi. Mwalimu wangu akaomba nimwonyeshe hivyo vijidudu. Nilitafuta nusu saa, sikupata hata kimoja.

"Ulimwangalia mgonjwa," akasema. "Mimi nilikuomba uangalie kioo. Andika ulichokiona, basi."

Mwaka uliofuata, Jumatano moja, hakuja kazini. Mlinzi alisema watu wawili walikuja na gari wakauliza anakaa wapi. Hakusema zaidi, na hakuna aliyemuuliza zaidi, maana siku hizo za utawala wa jeshi mtu wa upande ule wa mto akipotea, watu waliinamisha macho. Mkewe alikuja mara mbili hospitalini na mtoto mgongoni. Mara ya pili aliambiwa asirudi tena. Nikasikia amepanda lori na watoto kuelekea daraja la Pakwach. Mimi nilichukua daftari la michoro nikalificha nyumbani chini ya vitambaa vya baba. Mpaka leo sijajua mwisho wa mtu yule. Nilichojua ni kwamba vioo vilizidi kuja, wagonjwa walikaa kwenye benchi wakingoja, na mtu wa kuvisoma hakuwepo. Nikakaa kwenye stuli yake. Sikufurahi. Nilihisi kama nimevaa viatu vya maiti.

Baadaye walinipeleka Kampala kwa mafunzo ya miezi tisa, nikarudi na cheti cha msaidizi. Mwaka 1975 nikapangiwa Koboko.

Kituo cha afya kilikuwa na tabibu mmoja, wauguzi watatu na chumba changu. Umeme haukuwepo. Hadubini yangu ilitumia kioo cha kukamata mwanga wa jua, kwa hiyo asubuhi meza ilikuwa kwenye dirisha la mashariki na mchana niliiburuta mpaka mlangoni. Dawa za kupimia damu zilikaa katika friji ya mafuta ya taa. Mafuta yalikuwa yanakosekana, sukari inakosekana, sabuni ndiyo kabisa. Mara nyingi niliosha vioo kwa majivu, mikono ikachubuka. Mji wenyewe ulijaa wanajeshi na jamaa zao. Walipopita, watu waliokuwa wakicheka walinyamaza kidogo, kisha wakaendelea na maneno mengine.

Asubuhi moja ya mwaka 1976 gari la jeshi lilisimama mbele ya kituo. Akashuka kapteni, mtu mnene aliyevaa miwani myeusi, na nyuma yake mwanamke kijana aliyembeba mtoto wa kike kama wa miaka miwili. Tabibu aliwaona akakumbuka ghafla kwamba ana kazi wodini. Wakaja kwangu moja kwa moja.

"Wewe iko mutu ya kupima damu?" kapteni akauliza.

"Ndiyo, afande."

"Pima sisi tatu. Rafiki yangu kule kambini aliambia mimi, damu ya mutoto inatoka kwa baba na mama. Watu wanasema maneno. Mimi nataka kujua huyu mutoto iko yangu ama hapana."

Alisema haya mbele ya mkewe kana kwamba mkewe hayupo. Mwanamke alikuwa akimfunga mtoto kamba ya kiatu. Kamba ilikuwa imefungwa tayari, naye aliifungua na kuifunga tena.

Nilianza kwa kumwambia kwamba kipimo hiki hakiwezi kuthibitisha baba. Kinaweza tu kumwondoa mtu. Akasema, "Basi, ondoa." Nikawachoma vidole. Nikaweka matone kwenye kigae cheupe, nikadondosha dawa mbili, ya A upande mmoja na ya B upande wa pili, nikaanza kukitikisa polepole kama nilivyofundishwa. Damu ikishikana na kufanya chembechembe kama maziwa yaliyoganda, unajua kundi lake. Ya kapteni ilibaki laini pande zote mbili: O. Ya mwanamke vile vile: O. Ya mtoto, upande wa kwanza, ilishikana hata kabla sijahesabu kumi. Ilikuwa A, wazi kabisa, hata mtu asiyesoma angeiona.

Wazazi wawili wa O hawazai mtoto wa A. Hilo lilikuwa katika daftari la michoro, ukurasa mzima, kwa mwandiko wa mwalimu wangu.

Nilifunika kigae kwa karatasi nikasema inabidi kungoja kidogo. Kapteni akatazama saa, akatoka kuzungumza na dereva wake. Nilisikia kiberiti kikiwashwa nje. Mwanamke hakuniuliza nimeona nini. Alikuwa amekwisha kusoma uso wangu.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, "ataniua. Mimi na huyu."

Niliwaza kusema kwamba dawa imeharibika, lakini kapteni angempeleka mkewe Arua siku ile ile, apimwe na mwingine. Niliwaza kumwita tabibu, nikakumbuka alivyokimbia. Hatua za buti zikaanza kurudi. Nikafuta damu ya mtoto tu kwenye kigae, nikaminya tena kidole chake kupata matone mapya, na badala ya dawa nikadondosha maji ya chumvi, ambayo hayashikanishi damu yoyote.

Kapteni alisimama nyuma ya bega langu. Nikatikisa kigae mbele ya macho yake, nikapata nguvu ya kusema: "Tazama, afande. Yako haikushikana. Ya mama haikushikana. Ya mtoto pia. Ninyi wote ni O."

"Wote?"

"Wote."

Akavua miwani. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala vizuri. Akamchukua mtoto kwa mama yake, akamwinua juu, akaweka uso wake tumboni mwa mtoto mpaka akacheka kwa kelele. Sikutegemea hilo. Nilikuwa nimejitayarisha kumchukia, na hapo ikanibidi nione kwamba anampenda yule mtoto kuliko kitu chochote.

Alitaka kadi. Nikaandika kadi tatu, nikaandika O tena katika rejista. Kesho yake askari aliniletea kilo mbili za sukari na mche wa sabuni. Sukari niligawa kwa wauguzi. Sabuni nilioshea vioo.

Wengine wangesema nilifanya vizuri, yakaisha. Kwangu hayakuisha. Mwanamke angepigwa risasi kwa sababu ya tone moja, hilo nililijua. Lakini kadi ile ilikuwa na jina la mtoto na herufi ya uongo, na mtoto hukua. Siku moja angekuwa msichana mwenye afya, angetoa damu kumsaidia mtu wa O, na mtu huyo angekufa kwa sababu yangu. Niliiona picha hiyo kila nilipokaa kula. Nilikonda. Mama yangu alipokuja kunitembelea alidhani nina minyoo, akanilazimisha nijipime choo.

Mwanzoni mwa 1978 nilirudishwa Arua, nikafanya mtihani, nikawa fundi kamili wa maabara. Baba alinishonea koti jeupe yeye mwenyewe. Nililivaa wiki tatu tu kabla ya mchana ule ambapo nilimwona kapteni akiingia mbio katika wodi ya watoto, mtoto mikononi, mkewe akimfuata pekupeku.

Mtoto alikuwa na malaria kali. Ndani ya kope zake kulikuwa kweupe kama karatasi, na alikuwa akihema kwa tumbo. Daktari alisema aongezewe damu haraka. Kapteni akanyoosha kadi na mkono kwa pamoja.

"Chukua yangu. Sisi wote iko O. Huyu dada anajua."

Nilirudi maabara na damu ya mtoto, nikafunga mlango. Mwenzangu alikuwa amesafiri kutafuta dawa, nilikuwa peke yangu. Damu ikashikana kwenye kigae kama mara ile. Chembe za damu ya O zingeweza kumwingia mtu wa A bila shida. Ila maji yake, yale ya manjano yanayobaki juu chupa ikituama, yangeweza kumharibia mtoto mdogo damu yake iliyobaki. Nilimtafuta muuguzi mkuu wa wodi, mama wa Kilugbara aliyenijua tangu siku za karai.

"Mama," nikamwambia, "tukishatoa damu, chupa isimame mpaka itulie. Mtoto apewe ile ya chini tu. Maji ya juu yasimwingie."

"Kwa nini? Kadi inasema O."

"Kadi niliiandika mimi."

Akanitazama. Kisha akageuza kichwa, akamtazama kapteni aliyekuwa akitembea huku na huku mlangoni, akamtazama mwanamke aliyekaa sakafuni.

"Nitamwambia daktari," akasema. "Nenda kalete chupa."

Tulingoja kwa muda wa karibu saa mbili. Damu ilishuka polepole mno. Kapteni, mkono wake bado umefungwa bendeji, alianza kupiga kelele.

"Damu iko hapa, mutoto anakufa, ninyi munaangalia chupa?"

Akatoa bastola akaiweka juu ya meza ya dawa. Muuguzi mkuu hakupandisha sauti.

"Afande, damu ya mtu mzima ni nzito kwa mtoto. Tunangoja itulie. Na hiyo ondoa hapo, hapa ni mahali pa sindano."

Kapteni akatazama meza kama vile mtu mwingine ndiye aliyeweka kitu kile. Akairudisha kiunoni, akakaa kando ya mkewe sakafuni, na hapo nikamsikia akilia. Mwanamke hakumgusa. Mimi nilisimama kando ya chupa, nikijua kwamba kila dakika ya kungoja inatoka katika pumzi za mtoto, na kwamba nikikosea, kadi yangu ndiyo imemuua.

Damu ilipoanza kuingia, nilihesabu matone mpaka jua likashuka. Asubuhi mkojo wa mtoto ulikuwa wa kahawia kidogo, dalili kwamba damu inavunjika. Mchana ukawa wa njano. Siku ya tatu aliomba muhogo. Muuguzi mkuu hakuniuliza neno tena, ila tangu wakati huo hakupokea jibu lolote kutoka kwangu bila kuuliza, "Una hakika?" Liliniuma kila alipolisema, na sikuwa na haki ya kulalamika.

Mwaka 1979 vita vilipofika, magari ya jeshi yalipita Arua yakielekea mpakani bila kusimama. Sisi, kwa kuogopa kisasi, tulitembea kwenda Kongo, baba amebeba kichwa cha cherehani chake, mimi nimemshika mama kwa mkono mmoja na mkoba wa vioo kwa mwingine. Siku ya pili, katika watu waliokaa kando ya njia kupumzika, nilimwona yule mwanamke. Binti yake alikuwa amesimama, mrefu, akimenya muwa kwa meno.

"Kadi iko wapi?" nilimuuliza hata kabla ya salamu.

"Iko na baba yake. Kadi zote anaweka mfukoni. Alienda na gari za kwenda Sudan, sisi tukabaki nyuma."

Nikachuchumaa. Nikamwambia taratibu kwamba binti yake ni A, si O, na kwamba akikua asikubali mtu amwekee au amtolee damu kabla ya kupimwa upya. Nilimfanya aseme mara tatu. Alisema kwa utii, huku akitazama nyuma yangu kama kuna mtu anayetusikia.

"Na akiuliza kwa nini?" akasema.

Baba aliniita, watu walikuwa wanaondoka. Wao walifuata njia ya kwa ndugu zake upande wa Aru, huko huko Kongo, sisi tukaenda kwa jamaa zetu.

Nimeishi na kazi hii miaka mingi tangu hapo, na wasichana niliowafundisha wananiona mkali kupita kiasi. Kapteni sikumsikia tena. Kama kadi ile bado ipo mahali, mwandiko ulio juu yake ni wangu. Asubuhi ile ya Koboko ikirudi, nadhani nitaandika herufi ile ile, na ile picha ya mtu wa O itanijia mezani vile vile.