Feza na Kitambaa Chekundu cha Elsa

Tangu azaliwe, Feza hakuwahi kupewa kitu kizima. Samaki wa Nyangwe akiletwa nyumbani, hukatwa katikati: kichwa cha Elsa, mkia wa Feza, na kesho yake kinyume. Kitenge kikinunuliwa, hupigwa mkasi. Hata Feza alipougua malaria, Elsa alipewa dawa chungu kama yeye, ingawa mzima wa afya, akainywa huku akimlaani dada yake kimoyomoyo.

Msidhani ni umaskini tu. Feza na Elsa ni mapasa, ndivyo mapacha wanavyoitwa pale Kasongo, na sheria ya mapasa inajulikana na kila mtu, Mkristo kwa Mwislamu. Ukimpa mmoja, mpe na mwenzake, kitu kilekile, siku ileile. Aliyenyimwa atanuna, na pasa akinuna, mambo ya watu huenda mrama: mchele hauivi, kuku hawatagi, pikipiki haiwaki. Mama yao, Mama Régina, aliishika sheria hiyo kuliko watu wote. Hakuwahi hata kuita jina la mmoja peke yake. "Feza-na-Elsa!" ndivyo alivyoita, kwa pumzi moja, hata kama alitaka mtu mmoja tu wa kuleta kijiko. Wote wawili walikuja mbio, na kijiko kikagombaniwa njiani.

Kwa sura huwezi kuwatenganisha. Kwa tabia, ungewajua gizani. Elsa alipenda kukaa. Alijua kukaa juu ya kinu, juu ya gunia la mihogo, juu ya ukuta uliobomoka, na kila mahali alionekana amestarehe. Feza alikuwa mtu wa mpira. Aliupiga mpira wa matambara tangu hajajua kufunga kamba za viatu, kwa mguu wa kushoto, kwa hasira, na kila alipoupiga alijisikia mtu mzima, si nusu ya mtu.

Ndiyo maana mwaka ule, walipokuwa darasa la nane katika shule kubwa ya serikali, Feza alitaka jambo moja tu duniani: kuingia ekipe, yaani timu, ya wasichana itakayokwenda kucheza na wenzao wa Kabambare. Shule ile ina watoto wengi hata wengine husomea dirishani, na wasichana waliojitokeza kugombania nafasi waliujaza uwanja hadi mpira ukakosa pa kupita. Mwalimu Octave wa jimu, anayefundisha michezo, alipiga filimbi mpaka midomo ikamvimba. Aliwapunguza kidogo kidogo, na kila alipopunguza, Feza alibaki. Feza alikuwa na furaha ambayo hajawahi kuigawa na mtu.

Mama Régina akasikia. Kesho yake alifika shuleni na kitambaa kizuri kichwani, amejipaka mafuta ya mawese mikononi hadi anang'aa.

"Mwalimu," alisema, "nasikia umechukuwa mutoto wangu mumoja."

"Ndiyo Mama. Anacheza muzuri sana."

"Na mwenzake?"

"Mama, ule mwingine hachezi. Iko anakaa tu."

"Basi akae. Lakini akae mu ekipe! Mi nilibeba mimba ya mumoja mumoja? Niliwabeba wote mara moja. Ukichukuwa mumoja, chukuwa na mwenzake."

Mwalimu Octave ni mzaliwa wa Nyangwe na bibi yake mwenyewe alikuwa pasa, lakini amesoma, na mtu aliyesoma hapendi kuogopa mbele ya watu. Akakataa. Jioni hiyo hiyo mpira wa shule, ambao haukuwa na ndugu, uliruka juu, ukaangukia kwenye ua wa milimau, ukatoa pumzi yake yote kwenye miiba. Kisha macho yote yakamgeukia Elsa, aliyekuwa amekaa kwenye tofali akimenya karanga.

"Mi nimefanya nini tena?" Elsa aliuliza.

Fundi viatu aliushona mpira ule, na Mwalimu Octave naye alilegea. Akatoa hukumu iliyomridhisha yeye peke yake: katika mechi ya mwisho ya kuchagua, mapasa watapewa nafasi moja. Feza atacheza kipindi cha kwanza, Elsa kipindi cha pili. Atakayecheza vizuri ndiye atakayekwenda, na mdanganyifu yeyote atafukuzwa. Na kwa kuwa yeye hawezi kuwatofautisha, Elsa atafunga kitambaa chekundu mkononi.

Feza alilia usiku ule. Nafasi moja, na hiyo nayo imekatwa kama samaki!

Siku ya mechi Mama Régina alikuwa shambani kwenye mpunga, akiwinga ndege wasiumalize. Kipindi cha kwanza kikaanza, na Feza hakupata hata pa kugeukia. Upande wa pili alikuwapo Chimène, msichana mrefu wa mifupa mikubwa, aliyemjua Feza vizuri na aliyetaka nafasi yake mwenyewe pia. Alimganda. Feza akienda kulia, Chimène yupo. Akienda kushoto, wapo Chimène na rafiki zake wawili. Alipiga shuti moja tu, likaenda kumwamsha mlinzi wa shule.

Wakati wa mapumziko aliwahi nyuma ya darasa, kifua kinampanda. Elsa alimfuata taratibu, kitambaa chekundu mkononi.

"Vua uso huo," Elsa alisema. "Mi sitaki kukimbia. Leta mukono."

"Ni udanganyifu, Elsa."

"Tulikaa tumbo moja, tutashindwa kukaa kitambaa kimoja? Leta mukono!"

Akamfunga. Kisha akaenda kukaa kwenye tofali lake, akijitahidi kuonekana amechoka.

Feza alirudi uwanjani na kitambaa, na hapo maajabu yakatokea: hakuna aliyemjali. Nani amkabe Elsa? Chimène alimpita kama anavyopita mti, akaenda kuwalinda wengine. Feza alikuta uwanja mtupu mbele yake. Akafunga la kwanza. Watu wakacheka, wakasema ni bahati. Akafunga la pili, wakaacha kucheka. Chimène alipoutazama mguu wa kushoto uliofunga, akatoa macho, akaelewa, lakini filimbi ilikuwa imeshalia.

"Elsa!" Mwalimu Octave alipiga kelele, karibu machozi yamtoke. "Kumbe ni Elsa! Elsa ndiye anakwenda. Feza, pole, mutoto wangu. Chimène, na wewe utakwenda, mu defanse, ulinde goli."

Feza alifungua kinywa. Akakumbuka kwamba mwalimu alisema mdanganyifu yeyote atafukuzwa, akakifunga. Elsa aliposikia jina lake, karanga zilimpalia.

Siku zile zilikuwa chungu kwa Feza. Mji wote ulimsalimu Elsa. Mafundi wa pikipiki walimwita bingwa. Mwuza mandazi akampa andazi la bure, na Elsa, kwa mazoea, akalikata katikati na kumletea dada yake.

"Kula," alisema. "Ni nusu ya mabao yako."

Feza aliwarushia kuku. Alimpenda Elsa, na siku hiyo alimchukia kabisa.

Mama Régina, aliporudi toka shambani na kupata habari, hakupumzika hata dakika. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Octave.

"Mwalimu! Nasikia umechukuwa Elsa, umeacha Feza?"

Mwalimu Octave aliketi chini. "Mama," alisema kwa sauti ndogo, "Feza atabeba maji."

Hivyo ndivyo mchezaji bora wa shule alivyopata safari ya Kabambare: kwa kuwa dada yake ni hodari. Walikwenda kwa pikipiki, watatu watatu, kwenye barabara ambayo matope yake hula viatu. Walipofika, mapasa walijificha nyuma ya nyumba, wakabadilishana nguo. Feza alifunga kitambaa chekundu, Elsa akachukua bidoni ya plastiki ya maji na kuikalia papo hapo. Chimène aliwaona.

"Mi sijaona kitu," alisema. "Lakini ufunge."

Kabambare walikuwa wagumu. Mpira uligoma pande zote mpaka karibu na mwisho, ndipo Chimène alipoupiga mbele, na Feza akaupokea kwa kushoto, akampita mmoja, akampita wa pili, akapiga. Kipa alibaki anautazama wavuni.

"Elsa! Elsa! Elsa!" ekipe nzima iliimba, na watoto wa Kabambare, kwa kupenda kelele tu, wakaimba nao. Feza alisimama katikati ya jina lile, mikono imelegea. Alikuwa amefunga bao zuri kuliko yote ya maisha yake, na halikuwa lake.

Ndipo sauti ikapanda kutoka kando ya uwanja. Mama Régina alikuwa amekwenda Wamaza, njiani, kumtazama dada yake, akaona haiwezekani kufika hapo asiendelee mbele, akapanda pikipiki na kuteremka wakati mpira unaondoka mguuni. Hakuona kitambaa. Mama hatazami kitambaa.

"Feza!" alipiga kelele. "Feza! Feza wangu! Ni Feza!"

Peke yake. Bila "na". Feza aligeuka, akamwona mama yake anaruka na kiatu kimoja, na akasikia jina lake likija zima, halijakatwa na mtu. Alicheka na kulia pamoja.

Mwalimu Octave alimtazama mchezaji. Akamtazama yule aliyekaa juu ya bidoni, ambaye alimwinulia kikombe kwa heshima na kuuliza, "Maji, Mwalimu?" Akafungua kinywa, akakumbuka bao, akakipokea kile kikombe na kunywa hadi mwisho.

Mama Régina naye alishtuka. Alijiziba mdomo kwa viganja viwili, akamtafuta kwa macho yule mtoto wa pili, na kwa haraka zote, kabla jambo baya halijatokea, akapaza sauti:

"Na Elsa! Na Elsa pia! Amekaa muzuri sana!"