Udongo Pembeni mwa Sahani

Niliacha nyama wiki moja baada ya maji ya mvua kuingia jikoni kwetu Chang'ombe. Yalifika tofali la pili, yakakaa siku mbili, yakaondoka yakiacha mstari ukutani. Tangu hapo kila wingu lilipotanda nilikimbilia dirishani kulitazama. Nilisoma kwenye simu kwamba ufugaji wa ng'ombe unachangia kuharibu hali ya hewa. Mvua sikuweza kuizuia, nyama niliweza. Nikaacha na soda na chipsi mayai, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kuacha.

Shangazi, ambaye ndiye aliyenilea huku wazazi wangu wakibaki Mtwara, sikumwambia kitu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikidhani mtu akiacha chakula anaacha tu.

Yeye aliona mengine. Nasukuma bakuli la nyama. Nakula matango na kunywa maji ya ukwaju. Nikiamka nakimbilia dirishani na kutoa kichwa nje.

Siku ya tano nilikuta pembeni mwa sahani yangu vipande vitatu vya udongo, ule wanaotafuna wajawazito, vimefungwa kwenye gazeti. Nikauliza ni vya nani.

"Vya mwenye hamu navyo," akasema, akaendelea kuchambua kisamvu.

Niliviweka kabatini. Kesho yake vikawa vinne.

Ijumaa akanieleza kwamba amewaita baba zangu wadogo wawili kutoka Mtwara, watafika kesho. Kwetu msichana mwenye mimba isiyo na mwenyewe hukalishwa mbele ya wazee, ataje mwanaume.

"Mie sikugombezi, mwanangu. Utamtaja mbele ya baba zako."

"Shangazi, sina mimba."

"Kila mtu huanzia hapo."

Nilikwenda duka la dawa nikanunua kipimo. Kikaonyesha mstari mmoja, yaani hakuna mimba. Shangazi alikigeuza kwenye mwanga, akasema vitu hivi vinatengenezwa na watu.

Wanaume wa kutaja sikuwa nao, na basi lingeondoka Mtwara alfajiri. Nikamwambia ukweli: naogopa mvua.

"Mvua ndiyo imekukataza nyama?"

Nikaeleza kwa mpangilio: ng'ombe, joto, bahari, mvua, jikoni kwetu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ng'ombe wa wapi hao?"

"Wa dunia nzima."

"Na wewe unakulaga vipande viwili, Jumapili."

Akavuta kiti karibu yangu.

"Hiyo mvua, unaiogopa kweli?"

"Kweli, shangazi."

Akanishika mkono hadi chumbani kwake, ambako sikuwa nimeingia tangu mafuriko. Kitanda kilikuwa juu ya matofali, matatu kila mguu. Gunia la unga lilikuwa juu ya kabati. Vyeti vyangu vya shule vilining'inia kwenye msumari karibu na dari, ndani ya mfuko uliofungwa mafundo mawili.

"Umeniona mie nimeacha nyama?" akauliza.

Alipiga simu Mtwara kuwazuia ndugu zake. Walikuwa wameshakata tiketi na kuaga mtaa mzima, wakasema hawawezi kuonekana wanarudi bila kwenda. Wakaja.

Niliwapa shikamoo, wakaitikia bila kunitazama usoni. Wakakaa, wakakohoa. Shangazi akawaambia kikao kipo, ila cha mtaro wa maji ulioziba. Wakatazamana. Mkubwa akauliza, "Huyu hana tatizo?"

"Anaogopa mvua."

"Nani haogopi?" akasema, akavua shati la safari.

Walifukua mtaro wa nyuma ya nyumba mpaka magharibi, kisha wakala kuku. Mimi nilikula kisamvu cha nazi, na hakuna aliyenisukumia bakuli jingine. Udongo haukuwepo mezani.

Uani kulibaki rundo la walichotoa mtaroni. Sehemu kubwa ilikuwa chupa za soda, za aina moja. Baba mdogo mmoja aliziangalia akiwa ananawa, akauliza nani humu ndani anakunywa soda kiasi hiki.

Shangazi akanigeukia.

Nikasema nimeacha.