Baraza la Wanawake Waliokaa

Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa wa mwanamke wa shaba, mrefu kupita nguzo ya stima, ngumi juu. Niliupenda mno. Kwa miaka mingi nimechora nyumba za wageni na maduka hapa Malindi, na sasa kamati ya mji ilikuwa imeniomba nichore ukumbusho wa wanawake wa mtaa wa Kisumu Ndogo, ujengwe kwenye njia panda ya kuingilia sokoni. Nilijiona nimefika.

Kisa chao kila mtu mjini alikijua. Tajiri mmoja aliuzungushia mabati uwanja wa umma, pamoja na kisima walimokuwa wakichota maji wanawake hao. Wanawake hawakurusha hata kokoto. Walibeba mikeka yao wakaenda kukaa mbele ya lango, kila asubuhi mpaka adhuhuri, miezi saba. Polisi wakija, waliwajulia hali kama wana wao, kisha wakaendelea kukaa. Masika yaliwanyeshea palepale. Mwishowe mahakama ikasema uwanja ni wa wote, na mabati yakang'olewa mchana kweupe.

Basi nikaukunja mchoro wangu, nikaenda kwa kiongozi wao, mama wa Kigiriama anayeuza viazi karai kando ya uwanja huo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, tuonyeshe."

Akafuta mafuta mikononi kwa leso, akautazama mchoro kwa muda, akawaita wenzake. Wakainama wote.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni nyinyi, mama."

Walicheka hadi wengine wakashikana mabega. Nami sikujua niweke wapi uso wangu.

"Mwanangu," akasema, "sisi hatukusimama. Tungalisimama, tungalifukuzwa siku ya kwanza. Sisi tulikaa."

"Na hiyo ngumi ya nani?" akadakia bibi mmoja mwenye buibui. "Mimi mkononi nilikuwa na tasbihi."

Niliikunja karatasi ile, na badala ya kuondoka nikaketi nao. Nikawauliza kitu ambacho ningepaswa kuuliza tangu mwanzo: siku zile zote, kilichowaumiza zaidi kilikuwa nini? Nilidhani watasema jua, au matusi ya walinzi wa tajiri.

"Kiuno," mama akajibu. "Miezi saba hatukuwa na pa kuegemea."

Hapo nikapata ukumbusho wangu. Nilichora baraza la mawe ya matumbawe, la duara, lenye mgongo wa kuegemea, na paa la kivuli juu yake. Nafasi ishirini na tatu, kwa kuwa walikuwa ishirini na watatu. Kimo chake nilikipima kwa magoti yao, wala si kwa vitabu vyangu.

Tulienda ofisini kwa mwenyekiti wa kamati, mimi na wanawake wote, mikeka yao kwapani. Kamati haikufurahi. Mwenyekiti alitaka uzio wa chuma kuzunguka kote.

"Bila uzio, wazururaji watakuja kukaa," akasema.

"Ndiyo," mama akamjibu. "Wakae."

"Mama, huu ni ukumbusho."

"Wa nini?"

Mwenyekiti akasema atalifikiria, tumpe wiki mbili. Wanawake wakatazamana, wakaikunjua mikeka, wakaketi sakafuni mwa ofisi yake, mmoja baada ya mwingine. Simu ikalia, akaipokea huku akiruka miguu yao. Karani akashindwa kuufungua mlango. Nilibana kicheko mpaka mbavu zikauma. Kabla ya adhuhuri mwenyekiti alikuwa ameutia sahihi mchoro, bila uzio.

Siku ya kumimina zege la sehemu ya kukalia, kila mwanamke alikuja na mkeka wake uleule. Tuliutandaza juu ya zege bichi, fundi akaukandamiza kwa ubao ili uache chapa yake. Wa kwanza ulinasa, tukaunyofoa vipande vipande, na mwenyewe akanung'unika kweli. Fundi akashauri tuipake iliyobaki mafuta. Ikatoka safi, na msuko wote wa ukili ukabaki umechapwa kwenye zege, hata pale mmoja wao alipokuwa ameshonea kiraka.

Wageni rasmi walichelewa siku ya ufunguzi. Utepe ulikuwa bado umefungwa, lakini wauza samaki walishapita chini yake na ndoo zao, dereva wa tuktuk alishavua viatu, na mama mmoja aliyetoka Marereni kwenye mashamba ya chumvi alikuwa akimnyonyesha mwanawe pale kivulini. Mwenyekiti aliposhuka garini na mkasi wake, hapakuwa na nafasi hata moja.

"Sogeeni, sogeeni," kiongozi wetu akawaambia wenzake. "Mpeni nafasi naye akae."

Wakasogea. Mwenyekiti akaketi katikati yao na suti yake, akaegemea, akafumba macho kidogo.

"Pazuri hapa," akasema.

Vigelegele vilivyopigwa vilisikika hadi ndani ya soko. Mimi nilikuwa nimesimama kando na kamera, nikilia hadharani bila haya, mpaka bibi mwenye buibui akanivuta mkono.

"Nawe kaa, mchoraji. Kazi imekwisha."